Maharagwe ya Kufungia Kambi

"Uongo!" nilipiga kelele kutoka jikoni, na wanaume wote waliokuwa wamekaa uani wakageuka.

Ilikuwa mwezi uliopita, hapa Baraka, kwenye kilio cha Papa Wilondja, aliyekuwa kapita, yaani msimamizi, wa kambi ya uvuvi nilikopikia mwaka mmoja wa ujana wangu. Tulikuwa tumeshamzika, machozi ya kwanza yamekauka, na kilio kilikuwa kimefika pale watu wanapoanza kumcheka marehemu kwa mapenzi. Sisi wanawake tulikuwa tunasonga bugali, dirisha wazi. Nje, chini ya hema la plastiki, kijana mmoja wa ukoo alikuwa anawasimulia wenzake jinsi mzee alivyofunga kambi ule mwaka wa upepo. "Yule kijana wa Minembwe alikula samaki, bandugu! Mzee alimutolea macho tu, akakula, akaramba ata bidole!" Watu wakacheka, wakapigana viganja. Hapo damu ikanipanda. Nilitoka na mwiko mkononi. "Hakukula ata muiba moja," nikasema. "Mi nilikuwa pale. Weye ulikuwa haujazaliwa." Wakashangilia: "Mama Prefe amekuya! Mama Prefe, elezea basi!" Prefe ndilo jina ninaloitwa mjini kwa kuwa ninaongoza shule ya sekondari, na walimu wangu watakuambia kwamba kunyamaza si kipaji changu. Nikaeleza mpaka bugali ukaungua. Kesho yake nikaona afadhali niandike. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini wahenga hawakuwahi kukaa kilioni Baraka.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa na diploma. Mambo ya nyumbani kwetu nayaacha, si ya leo. Inatosha ujue kwamba mtihani wa Leta, ule unaomaliza sekondari, ulikuwa umenipita mara mbili. Mara ya kwanza risasi zilituvusha ziwa tena, tukaenda kuwa wakimbizi Tanzania kwa mara ya pili katika maisha yangu. Mara nyingine malaria ilinilaza juma lile lile la mtihani, nikausikia mtihani ukipita barabarani, wenzangu wakiulizana majibu chini ya dirisha langu. Niliokaa nao benchi moja walikuwa tayari wanafundisha. Mimi nikajiandikisha kama mtu anayejisomea mwenyewe, na Mama Mudogo Mwavita, mdogo wake mama yangu, akaniambia nije nimsaidie kupika kambini, huko ningekula bure na kusoma bila kelele za watoto. Bila kelele! Mama Mudogo alikuwa hajawahi kuwasikia wavuvi wakibishana nani alilala wakati wa zamu yake. Siku ya kuondoka Papa Wilondja alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi, akamwambia mama: "Mutoto utamupata mbele ya mtihani. Nikishindwa, usinisalimie tena." Mama akamjibu kwamba atakumbuka.

Kambi ilikuwa ng'ambo ya Ubwari, ile rasi ndefu iliyojitupa ziwani mbele ya Baraka, upande ambao mji hauuoni. Barabara haifiki. Watu waliingia pale mvua zikianza, wakatoka kiangazi kikileta upepo wa kusini, maana upepo ule ukishakasirika mtumbwi hauna rafiki. Kulikuwa na vibanda vya matete, kibanda cha kukaushia samaki kilichokuwa kinatoa moshi mchana na usiku, na jiko letu la mafiga matatu chini ya paa la nyasi. Mimi na Mama Mudogo tulilala kwenye stoo, katikati ya vikapu vya ndagala, wale samaki wadogo wanaovuliwa usiku kwa taa, na mikebuka, wakubwa kuliko hao, waliokaushwa. Vitabu vyangu nilivitunza kwenye ndoo yenye kifuniko, lakini harufu ya samaki haina adabu, iliingia. Mpaka leo nikifungua kitabu cha historia pua yangu inangoja mikebuka. Ukuta wa matete hauzuii neno, kwa hiyo nilikariri mito ya Afrika huku upande wa pili wavuvi wanagombana kama mke wa pili ni faida au hasara. Kuna jibu moja la jiografia ambalo mpaka leo limechanganyika kichwani mwangu na mke wa pili wa fundi mota wa boti letu. Niliipenda ile kambi. Nasema wazi, niliipenda kuliko nyumba yoyote niliyokaa kabla yake.

Kambi ilikuwa na wavuvi, ilikuwa pia na mwindaji mmoja, mjomba wangu Etabo, ndugu wa mama. Yeye ziwa alilidharau. Alikuwa na mbwa waliovalishwa kengele za mti shingoni, akipanda nao vilima vya Ubwari, akarudi na mbawala au nguruwe wa porini, na bila yeye tungekula samaki mpaka tuote magamba. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkuki wake. Mtu aliyependa kumtania kuliko wote alikuwa Muhire.

Muhire alikuja kambini na fimbo ya kuchungia, bila ng'ombe wa kuchunga. Ugonjwa ulikuwa umemaliza zizi la baba yake kule Minembwe, juu milimani, naye akashuka kutafuta mtamba mmoja, ng'ombe jike wa kuanzia upya. Mchuuzi mmoja wa Baraka alimuahidi kumpa mtamba huyo kwa fungu lake la samaki mwisho wa msimu. Papa Wilondja akamweka kwenye kibanda cha moshi. Kijana wa ng'ombe! Tulidhani atakimbia juma lile lile. Badala yake akawa mkaushaji bora tuliyepata kuwa naye. Alijua moto, alijua kuni ipi ina moshi mtamu, na samaki wake hawakuvunjika. Ila kumla samaki, hapana. Kwao wakati ule, na zaidi kwa baba yake, aliyekula samaki hanywi maziwa pamoja na wenzake. Kibuyu kinawekwa mbali naye, na ng'ombe wake, walisema, wanakauka. Siku hizi wa milimani wengi wanashuka sokoni kununua ndagala bila wasiwasi, lakini mimi nasimulia ya mwaka ule. Muhire alishika samaki kutwa, jioni akanawa kwa majivu na ndimu, akajipikia maharagwe yake katika kasufuria kake mwenyewe, akayamwagia samli ya ng'ombe kutoka kibuyu kidogo alichopelekewa na mama yake.

Ile samli! Kwa pua za watu wa ziwa ilikuwa vita. Muhire akifungua kibuyu, Mjomba Etabo alihama na sahani yake. "Hii mafuta inanuka kiatu cha askari!" alisema kila jioni. Muhire alijibu taratibu, kwa ile sauti yao ya milimani isiyopanda: "Kiatu cha askari inakimbia, mjomba. Hii mafuta inakaa." Siku nyingine mvuvi mmoja akamwambia, "Muhire, samaki na ng'ombe bote banakunywaka maji, kula tu." Muhire akamtazama. "Na weye na mamba munakunywaka maji moja. Mukule pamoja basi." Tulicheka mpaka Papa Wilondja akatoka kibandani kuuliza nani amekufa. Tukazoea. Na kwa kuwa tumezoea, tukaacha kuona, na hilo ndilo lililotuponza.

Mwisho wa msimu ndagala walikataa kwisha. Kila asubuhi Papa Wilondja aliniangalia, akaangalia ziwa, akasema kesho tunafunga, na kila asubuhi mitumbwi ilirudi imejaa mpaka wavuvi wanaimba. Nani afunge kambi samaki wanapobisha hodi? Mimi nilikuwa nahesabu siku kimoyomoyo. Mpaka ikabaki siku moja tu kabla ya mtihani, na asubuhi ile mzee akapiga sufuria kwa mwiko: "Leo! Leo tunafunga! Faida, funga vitabu vyako vizuri, kesho unaketi kwa mtihani!" Faida ndimi mimi. Niliruka juu kama mbuzi aliyefunguliwa kamba.

Hujaona furaha kama hujaona kambi inafungwa. Watu waliokuwa wanaburuta miguu jana wanakimbia. Nyavu zinakunjwa, taa zinafungwa ndani ya mashati, nyasi za mapaa zinashushwa na kuchomwa, nguzo zinaachwa kwa msimu ujao. Kuku wetu watatu waligoma kukamatwa, wanaume wazima wakawa wanaanguka juu ya mchanga wakiwafuata, mbwa wa mjomba wakabweka, kengele zao zikagonga, Mama Mudogo akawa anatoa amri ambazo hakuna aliyezisikiliza. Vikapu vilipangwa ndani ya boti letu kubwa la mbao, lile lenye mota, na mafungu yakapangwa kila moja na mwenyewe. Nilimwona Muhire amesimama mbele ya fungu lake. Aligusa vikapu kimoja kimoja. Nikajua anaona miguu minne na pembe.

Kilichobaki ni chungu cha kufunga. Kwetu kambi haifungwi kwa kuondoka tu. Kila aliyelala pale msimu mzima lazima ale kutoka chungu kimoja, siku ya mwisho, wote wakiwepo, halafu chungu kinapinduliwa juu ya mafiga. Hapo ndipo kambi imefungwa, na hapo ndipo fungu lako linakuwa lako. Asiyekula ameacha njaa yake pale, na njaa iliyoachwa, walisema wazee, inamngoja mwenyewe msimu ujao. Papa Wilondja alimtaja mtu aliyelala usingizi porini siku ya kufunga, wenzake wakapindua chungu bila yeye. Msimu uliofuata ziwa lilimchukua juma la kwanza. Mimi sikubishana na hilo wakati ule na sibishani nalo leo. Unaweza kuwa na diploma na bado ukaogopa ziwa.

Kwa hiyo tulipika, mimi na Mama Mudogo, sufuria kubwa la aluminiamu ambalo sisi tuliendelea kuliita chungu: mikebuka wabichi na nyama ya mbawala wa mjomba, pamoja, na mawese, na pilipili ya kuamsha mfu. Ndivyo chungu cha kufunga kilivyopikwa siku zote, cha ziwa na cha porini humo humo. Wote wakachota, wakala wamesimama, haraka, kwa kuwa matete yalikuwa yameanza kulala upande mmoja na upepo wa kusini haupendi watu wanaochelewa mpaka mchana. Papa Wilondja akamwita aliyebaki kwa Kiswahili chetu, ambacho ndiyo na ndiye zote ni njo.

"Muhire, weye njo wa mwisho. Kuya ukule, tufunge."

Muhire alisogea, akaangalia ndani, akasimama. "Papa, iko na samaki ndani."

"Iko na samaki na nyama. Njo chungu ya kufunga."

"Niliona mjomba analeta mbawala, nikazania ni nyama peke. Sikulake samaki, Papa. Unajua."

Mama Mudogo akajishika kichwa: "Yoo! Mi nilizania mumeshaongea naye!" Mvuvi mmoja akasema alidhani mzee ameshaongea naye. Mzee alidhani Mwavita, kwa kuwa ni yeye anayepika. Kambi nzima ilikuwa imemwona mtu huyu akila maharagwe kila jioni ya msimu, imemtania kila jioni, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba siku hii itafika. Ningeweza kucheka kama si mtihani wangu uliokuwa unangoja ng'ambo ya rasi.

Wakambembeleza. Ale nyama tu. Nyama imeshalala na samaki, alisema. Alambe mchuzi. Mchuzi ndio samaki mwenyewe, alisema. Mvuvi mmoja akapandisha sauti kwamba kijana anawadharau, Muhire akajibu kwamba hamdharau mtu, lakini akirudi nyumbani baba yake atamuuliza swali moja tu, na yeye hajui kumdanganya baba yake. Ampeleke ng'ombe kwenye zizi ambalo yeye mwenyewe hataruhusiwa kunywa maziwa yake? Hapo Mjomba Etabo, aliyekuwa anafunga mbwa kamba, akasema lile neno lililokuwa linazunguka bila mwenye kulikamata.

"Papa Wilondja, upepo haingojake mutu. Museme tu kama huyu ni mugeni. Mugeni hafungake kambi. Tupindue chungu, twende."

Watu wakapumua. Njia ilikuwa imepatikana! Kweli, kwa desturi mgeni hali chungu cha kufunga. Lakini mgeni hapati fungu pia. Anapewa kikapu kimoja cha njiani, na kwaheri. Papa Wilondja alilijua hilo, akalisema kwa kumheshimu kijana, macho chini: "Umesikia, mwanangu. Ukiwa mugeni, hautakula. Lakini fungu itabakia ya kambi."

"Nilikausha samaki zenu msimu muzima," Muhire akasema. Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Mukifungua kila kikapu katika boti hii, mutakuta mikono yangu. Leo njo niko mugeni?"

Nitakuambia nilivyokuwa. Nilikuwa nimekasirika. Nilimkasirikia Muhire kwanza, naapa, kwa sababu ya samaki mmoja mdogo aliyekuwa amesimama kati yangu na mtihani wa tatu. Njia ilikuwa wazi, boti limejaa, mota lina mafuta, ilikuwa ni mimi kunyamaza tu na kupanda. Lakini lile neno mgeni lilinipiga mahali. Tanzania, kambini kwa wakimbizi, nilikua nikiitwa mgeni. Nililima pale, nikasoma pale, nikachota maji pale mpaka nikajua kila jiwe la njia ya mtoni, na bado tulipogombana kisimani neno la mwisho lilikuwa hilo: ninyi wageni. Nani atabishana na neno hilo? Linafunga mdomo na linafunga mkono. Nikamwangalia Muhire, amekaa sasa juu ya mzigo wake, na juu ya mzigo ule amefunga kwa kamba kale kasufuria kake, kifuniko kimebanwa vizuri, maharagwe ya safari ndani yake.

"Papa Wilondja," nikasema, "sheria inasema bote bakule katika chungu moja. Inasema chungu gani?"

Mama Mudogo akanivuta kitenge. Mtoto wa kike, mpishi, hana neno kwenye kufunga kambi. Nikajivuta upande wangu.

"Tangu zamani ni samaki na nyama," mzee akasema.

"Juu ya nini?" nikadai sababu.

"Juu njo vyenye tulikula msimu wote."

"Na huyu alikula nini msimu wote?"

Papa Wilondja alikuwa mtu wa kutafuna neno kabla ya kulimeza. "Maharagi," akasema.

"Alikulia wapi?"

"Hapa."

"Kasufuria kake kalilala wapi?"

"Hapa," mzee akasema tena, na nikaona kona ya mdomo wake inacheza. "Faida, kama unasomea uavoka wa kutetea batu, sema."

"Ninasomea kupita mtihani, Papa. Kesho! Kasufuria kale ni ka kambi kama yetu, na hakana samaki. Tukule sisi kwake, bote, tupindue, twende!"

Upepo ukapita juu ya majivu yetu. Papa Wilondja akaangalia ziwa, akaangalia vikapu, akanyoosha kidole kwa Muhire. "Leta hiyo chungu."

Muhire alifungua kamba. Akaweka kasufuria juu ya mafiga, akatoa kifuniko, halafu, kwa adabu ya mtu anayekaribisha wakubwa, akachukua kibuyu chake na kumimina samli yote iliyobaki, mpaka tone la mwisho. Ee Mungu wangu, ile harufu! Ilitoka, ikatukumbatia mmoja mmoja. Mzee akachota wa kwanza, kijiko kimoja, akatafuna na macho ameyafumba, akameza, akasema, "Iko na chumvi." Mama Mudogo akafuata. Mimi nikafuata na nikashangaa kwa kuwa yalikuwa matamu. Msimu mzima nilikuwa nimeziba pua mbele ya chakula kitamu! Wavuvi wakapita mmoja mmoja, yule aliyekuwa amepandisha sauti akala vijiko viwili. Muhire akala chake. Akabaki mtu mmoja, amesimama mbali na mbwa wake, upande upepo unakotoka.

"Etabo," akaita Papa Wilondja.

"Nimeshakula chungu ya kweli," mjomba akasema.

"Chungu ya kweli njo hii. Kuya."

"Papa Wilondja, mi siwezi. Itarudi. Ata nikimeza, itarudi!"

Mzee akainua mikono juu, taratibu, kama mtu asiye na la kufanya. "Basi tutafanya je? Weye njo mugeni. Bandugu, fungu ya Etabo tuipatie nani?"

Wote wakacheka kwa pamoja. Fundi mota alikaa chini mchangani akipiga magoti yake. Mama Mudogo alilia machozi. Hata Muhire alicheka, ameshika nguzo ya kibanda kilichobomolewa asianguke. Mjomba Etabo alitutukana sisi, mama zetu na maharagwe yote ya Kongo, halafu akaja, akaziba pua kwa vidole viwili, akafungua kinywa, na Muhire mwenyewe, kwa mkono wake, akamlisha. Tulisubiri. Koo likapanda, likashuka. Halikurudi. "Mbaya kabisa," mjomba akasema, na mimi niliyekuwa karibu nikamwona analamba jino. Papa Wilondja akapindua kasufuria juu ya mafiga, akapiga kofi juu yake, na sisi tukakimbia kwenye boti.

Tulikuwa tumechelewa, hilo sifichi. Kuteremka upande wa nje wa Ubwari tulikuwa na kilima cha kutukinga, lakini tulipozunguka ncha ya rasi na kuingia ghubani kuelekea Baraka, upepo ulitupiga usoni. Maji yakaingia. Kila mtu alichukua kitu akaanza kuyakumba, mimi na sahani, Muhire na kofia ya mzee. Kijana wa milimani alikuwa hajui kuogelea, uso umekuwa wa majivu, lakini alikumba kuliko sisi wote, kwa kuwa ng'ombe wake alikuwa kwenye vikapu vile. "Faida, soma!" akapiga kelele fundi mota, "usipoteze saa!" Nikaanza kusoma kwa sauti yale niliyokuwa nayo kichwani, vitenzi vya Kifaransa, mito, wafalme, na wavuvi wakanijibu kila mstari kama kiitikio kanisani, bila kujua wanajibu nini, huku wimbi linatupandisha na kututupa. Niliogopa na nilifurahi, vyote viwili. Katikati ya hayo Papa Wilondja, mkono kwenye usukani, aliinama sikioni mwangu. "Ungenyamaza tungekuwa tumeshafika. Juu ya nini haukunyamaza?" Nikamwambia: "Papa, mi nilishaitwa mugeni miaka mingi. Sikupenda kuisikia kwa kinywa chetu." Akajinyoosha kwenye usukani. Kisha akamwambia fundi mota aongeze moto.

Tuliona Baraka jua likiwa bado na kidole kimoja juu ya milima. Mama yangu alikuwa amesimama ufukweni, kanga kifuani, amejipanga kutomsalimia Papa Wilondja. Akamsalimia. Asubuhi niliingia kwenye mtihani na nywele zinanuka moshi, na msichana niliyewekwa karibu naye akaomba kuhamishwa. Yule mchuuzi alitimiza neno lake, Muhire akapandisha mtamba wake Minembwe, nami sikumwona tena mwaka ule.

Matokeo yalitoka baada ya wiki nyingi za kutolala. Na kwetu Kongo, ukishinda mtihani wa Leta hawakupi mkono tu, wanakumwagia unga. Nilikuwa sokoni niliposikia kelele. Wavuvi wa kambi walikuwa wanakuja mbio, jina langu wamelisikia redioni, na Mjomba Etabo mbele yao na mfuko mzima wa unga wa muhogo, akanimwagia wote kichwani mpaka sioni. Nililia ndani ya unga ule, nikapiga vigelegele, nikakumbatia watu nisiowajua. Papa Wilondja alikuwa anacheza peke yake katikati ya mafungu ya nyanya, wenye nyanya wanamfukuza.

Ndipo pikipiki ikasimama, dereva amejaa vumbi jekundu la njia ya juu. "Faida mupishi iko wapi?" akauliza. Wakamwonyesha lile sanamu jeupe. Akashuka, akanipa salamu za Muhire. Ng'ombe amefika salama, alisema, baba amemkubali, na Muhire amemwita Diplome.

"Diplome?" nikasema. "Alimuita vile lini?"

"Siku ile alimuingiza kwa zizi. Mutoto wa kwanza wa nyumba alimuimbia jina ile, njo desturi yabo."

"Lakini siku ile matokeo ilikuwa bado! Na kama ningeanguka?"

Dereva akajipangusa vumbi usoni.

"Nilimuuliza vile vile," akasema. "Anasema kwabo jina ya ng'ombe haigeukake. Basi ilikuwa lazima ushinde."